Bweni ni Amana

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi maofisa na askari wa Jeshi na wa Polisi mlioko makambini, vituoni na malindoni: maelezo yetu leo yanahusu malazi ya vijana wanaoanza masomo ya vyuo. Swali lenyewe ni hili. Je, chuo kina haki ya kumwamuru mwanafunzi mchanga, aliye na umri wa miaka 18 au 19, alale ndani ya mabweni yake wala si penginepo? Na kama kina haki hiyo, chuo, pamoja na serikali iliyo nyuma yake, vinadaiwa nini na mwanafunzi huyo na wazazi wake?

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya maprofesa, si ya askari. La hasha. Wengi kati yenu ni wazazi, na watoto wenu ndio hao wanaotafutiwa vitanda. Aidha, lango la chuo likivunjwa usiku wa manane, hapigiwi simu profesa, mnaitwa ninyi. Tena hatuna budi kukiri kwamba katika historia ya nchi yetu zimekuwako siku ambazo mtu aliyewaendea wanafunzi akiwa na silaha alikuwa amevaa sare ya serikali. Kwa hiyo ni vema tulitazame jambo hili kwa utulivu, hatua kwa hatua.

Tuanzie mbali na Kampala, tuanzie Dranya. Dranya ni gombolola katika wilaya ya Koboko, Nile Magharibi. Wilaya yenyewe ilizaliwa mwaka 2005 ilipomegwa kutoka wilaya ya Arua, nayo inapakana na nchi mbili, Kongo na Sudan Kusini. Ni nchi ya Wakakwa, wakulima wa mihogo na tumbaku, na tangu enzi za King's African Rifles ni nchi iliyotoa askari wengi. Ndiyo maana lugha hii tunayosema nanyi leo haikuwa ngeni kwa wazee wa huko. Waliileta nyumbani kutoka kambini pamoja na nishani zao.

Mtoto wa Dranya akifaulu mtihani wa kidato cha sita, chuo kikuu cha serikali kilicho jirani naye ni Muni, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2013 karibu na mji wa Arua. Kutoka Koboko hadi Arua ni mwendo wa kilomita zipatazo 55. Akipata nafasi Makerere, safari yake ni ya zaidi ya kilomita 500. Kwa vyovyote vile hawezi kulala kwa wazazi wake na kuhudhuria masomo kila asubuhi. Basi kwa mtoto wa Dranya, shauri la kulala mbali na nyumbani limekwisha kukatwa na ramani. Kinachobaki kuulizwa ni kimoja: jua likizama, nani anajua mahali alipolala?

Zamani jibu la swali hilo lilikuwa jepesi. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922, ilikuwa kwa miongo mingi chuo cha bweni. Aliyepokelewa chuoni alipokelewa na bweni pia: alipewa chumba, kitanda, meza ya kusomea na mahali pa kula. Majina ya mabweni hayo yanajulikana nchini kote hata na watu ambao hawajapata kufika Kampala: Lumumba, Mitchell, Livingstone, Nsibirwa, Mary Stuart, Africa Hall na mengineyo. Kila bweni lilikuwa na mlezi wake, na mlezi alitakiwa kuwajua vijana wake.

Utaratibu huo ulitoka Uingereza. Huko, vyuo vikuu vya kale vilishikilia kwamba mwanafunzi hufundishwa na mwalimu darasani, na hufundishwa vilevile na wenziwe mezani na barazani. Hata leo Cambridge humtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza awe akiishi ndani ya maili 3 kutoka kanisa la Great St Mary's wakati wa muhula, na Oxford humtaka awe ndani ya maili 6 kutoka njia panda ya Carfax. Huo ndio mzizi wa mabweni yetu. Waingereza walileta kuta, nasi tukaongeza desturi zetu: nyimbo za mabweni, majina ya utani, na ushindani wa michezo ambao wazee waliosoma huko hawajausahau mpaka leo.

Hali ilibadilika katika miaka ya 1990. Vyuo vilifungua milango kwa wanafunzi wanaojilipia wenyewe, na idadi ikaongezeka kwa kasi. Vijana wengi ambao zamani wangeachwa nje walipata elimu, na jambo hilo ni la kushukuriwa. Lakini vitanda havikuongezeka kwa kasi hiyohiyo. Watu binafsi waliona pengo, wakajenga hosteli kuzunguka kilima cha Makerere, pande za Kikoni na Wandegeya. Nyingine ni nzuri, zina mlinzi, maji na taa. Nyingine ni vyumba tu vilivyogawanywa kwa mbao. Tangu hapo mwanafunzi wa Makerere huandikishwa katika bweni fulani hata kama halali humo: ana bweni kwa jina, kitanda hana.

Hapo ndipo hoja ya kuwataka wanafunzi wachanga walale chuoni inapopata nguvu. Wanaoitetea wana sababu tatu, nazo ni za maana.

Sababu ya kwanza ni umri. Kijana wa miaka 18 anahesabiwa na sheria kuwa mtu mzima, lakini mwaka wake wa kwanza mjini ni mwaka wa kujikwaa. Aliyezoea kengele ya shule, sauti ya mama na macho ya jirani, ghafula hana kengele, hana mama, na jirani hamjui. Karo ya muhula mzima imo mikononi mwake. Ni rahisi kwake kupoteza fedha, afya au masomo kabla mtu yeyote hajatambua.

Sababu ya pili ni usalama wa njiani. Msichana anayetoka maktaba usiku na kutembea vichochoroni kwenda chumba cha kupanga yumo hatarini kwa namna ambayo yule anayevuka uwanja wa chuo hayumo. Polisi mnalijua hili kuliko wengine, kwa sababu ninyi ndio mnaoandika maelezo yake asubuhi ya pili.

Sababu ya tatu ni masomo yenyewe. Aliye karibu na maktaba, na aliye na wenziwe wa kujadiliana nao, ana nafasi kubwa zaidi ya kuvuka mwaka wa kwanza. Na katika nchi yenye makabila na dini nyingi, bweni humkutanisha mtoto wa Koboko na mtoto wa Kabale chini ya paa moja. Ni wachache wanaobaki na chuki za kusikia baada ya kugawana kipande cha sabuni kwa mwaka mzima.

Ninyi askari hamhitaji kuhubiriwa sana juu ya mambo haya, kwa maana mmeyapitia. Kuruta halali mjini. Hulala kambini, huamshwa pamoja na wenziwe, hula nao, huhesabiwa jioni. Baadaye, akisha kuiva, akaoa, akapanda cheo, huruhusiwa kukaa nje. Kanuni ni kwamba mtu mpya huwekwa karibu kwanza, halafu huachiwa kidogo kidogo. Wanaopendekeza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakae mabwenini wanafuata kanuni iyo hiyo.

Hata hivyo mfano huu una mpaka, na ni hatari kuusahau mpaka huo. Kuruta amekula kiapo, mwanafunzi hakula. Kuruta hulishwa, huvishwa na kulipwa na serikali; mwanafunzi, mara nyingi, hulipiwa na ng'ombe wa baba yake. Kuruta akitoka kambini bila ruhusa ametoroka; mwanafunzi akienda kumwona shangazi yake Jumamosi hakutenda kosa. Kwa hiyo anayetaka kumlazimisha mwanafunzi alale mahali fulani lazima aeleze kwa nini, na sababu yake lazima iwe ya kumfaa mwanafunzi mwenyewe.

Nchini Marekani, ambako vyuo vingi huwataka wanafunzi wa mwaka wa kwanza walale chuoni, jambo hili lilifikishwa mahakamani, na hukumu mbili za huko zafaa kukumbukwa. Mwaka 1969 chuo kimoja cha jimbo la Louisiana kilikuwa kimewaamuru wasichana wasioolewa walio chini ya miaka 21, pamoja na wavulana wa mwaka wa kwanza, walale mabwenini. Ilipochunguzwa, sababu ilionekana kuwa ni kujaza vitanda ili chuo kipate fedha za kulipa madeni ya ujenzi. Mahakama iliikataa amri hiyo. Mwaka 1974, katika shauri la chuo kikuu cha South Dakota, mahakama ya rufani iliikubali amri ya namna hiyo, kwa kuwa iliridhika kwamba maisha ya bwenini yana faida ya elimu kwa wanafunzi wa miaka ya mwanzo. Amri zilikuwa karibu sawa. Kilichozitenganisha ni nia. Bweni la kumlea kijana si sawa na bweni la kuvuna mfuko wa baba yake.

Hilo latuleta kwenye suala la fedha. Hapa Uganda, Bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mkopo wake umewekwa kwa ajili ya ada ya masomo, michango ya lazima ya chuo na gharama za utafiti, na kwa walemavu, vifaa vinavyowasaidia. Kitanda na chakula havikuwamo. Sasa fikirini: mwana wa mkulima wa Dranya amepata mkopo, ada imelipwa, kisha chuo kinamwambia, "Ni lazima ulale hapa, na malipo ya kulala ni kiasi hiki." Kwake yeye amri hiyo haimwingizi bwenini, inamtoa chuoni. Kwa hiyo amri yoyote ya bweni isiyofuatana na msaada wa malazi kwa maskini itawachuja wale wale iliyokusudia kuwalinda.

Jirani zetu wa Tanzania walianza upande mwingine, yaani upande wa vitanda. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na uhaba mkubwa wa mabweni, na wanafunzi wakipanga vyumba mitaani. Mwezi wa Aprili 2017 Rais John Magufuli alizindua mabweni mapya ya chuo hicho, majengo 20 ya ghorofa, yenye nafasi za wanafunzi 3,840. Hatusemi kwamba tatizo lote lilikwisha. Chuo kile ni kikubwa. Tunasema tu kwamba utaratibu wenye akili huanza kwa kujenga, ndipo huamuru. Kuwaamuru vijana waingie mahali pasipo na nafasi ni kuwarundika wanne katika chumba cha wawili, na mrundikano haujapata kumlea mtu.

Sasa tumtazame mtoto wa askari mwenyewe. Vyuo vya nje vyenye amri ya bweni huwa na kawaida ya kumsamehe mwanafunzi ambaye wazazi wake wanaishi karibu. Msamaha huo waonekana wa haki. Lakini tuingie katika kambi za polisi za Kampala, kama Nsambya na Naguru, ambako kwa miaka mingi familia za askari zimeishi katika vile vibanda vya bati vya duara viitwavyo unipoti, baba na mama upande huu wa pazia, watoto upande ule. Mwanafunzi wa uhandisi atachorea wapi ramani zake humo? Tena baba akipata uhamisho kwenda Karamoja, mtoto aliyesamehewa kwa kuwa "anaishi karibu" anabaki hana pa kuishi katikati ya muhula. Ukaribu wa nyumba haupimwi kwa kilomita peke yake. Hupimwa pia kwa meza, taa na utulivu. Kwa hiyo msamaha uwe ni haki ya mwanafunzi kuuomba, wala usiwe ni kisingizio cha chuo kumnyima kitanda.

Wapo pia wanaostahili kusamehewa bila maneno mengi: aliyeoa au kuolewa, mama mwenye mtoto mchanga, mgonjwa anayehitaji uangalizi wa nyumbani, na mtu mzima aliyerudi masomoni baada ya miaka ya kazi, wakiwamo askari wanaojiendeleza. Kumlaza koplo wa miaka 35 katika chumba kimoja na vijana wa miaka 18 hakuna faida kwa upande wowote.

Ndugu wasikilizaji, hadi hapa tumezungumzia haki ya chuo. Sasa tugeukie deni lake, nalo ndilo linalowahusu ninyi zaidi. Mifano mingine tutakayoitaja ni ya shule za sekondari za bweni, kwa sababu deni ni lile lile: anayewakusanya watoto wa watu mahali pamoja usiku amewafanya wawe rahisi kulindwa, na papo hapo amewafanya wawe rahisi kushambuliwa.

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, watu wanne wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, mashariki ya Kenya. Wanafunzi wengi walikuwa bado wamelala mabwenini. Watu 148 waliuawa, walio wengi wakiwa wanafunzi. Kikosi maalumu cha polisi kilichokuwa na ujuzi wa kazi ile kilikuwa Nairobi, na saa nyingi zilipita kabla hakijafika. Chuo kilipofunguliwa tena mwezi wa Januari 2016, kituo cha polisi kiliwekwa ndani ya eneo lake. Lilikuwa jambo jema, lakini lilikuja baada ya mazishi.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wilayani Kasese, karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Wavulana walijifungia bwenini, na bweni likatiwa moto. Wanafunzi 37 walikufa, na wengine walichukuliwa kubeba mizigo. Mkazi wa Koboko anayeusikia mkasa huo hana haja ya kuelezwa maana ya neno mpaka. Mipaka miwili iko mlangoni pake.

Kabla ya hapo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa LRA waliwateka wasichana 139 kutoka bweni la St Mary's College, Aboke, huko Lango. Shule ilikuwa imeomba ulinzi, lakini usiku ule askari hawakuwapo. Mtawa Rachele Fassera, naibu mkuu wa shule, aliwafuata waasi porini bila silaha yoyote, akarudi na wasichana 109. Thelathini walibaki mikononi mwa waasi. Mama huyo hakuwa na amri ya jeshi wala mshahara wa hatari. Alikuwa na jambo moja tu: alijua kwamba watoto wale walikabidhiwa kwake, na kwamba mzazi atakapokuja kuuliza, atamwuliza yeye.

Hatari nyingine haitoki nje ya lango. Mwezi wa Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, liliteketea usiku, na wavulana 67 wakafa. Bweni lilikuwa na milango miwili, na mmoja ulikuwa umefungwa. Madirisha yalikuwa na nondo. Nondo zile ziliwekwa kuzuia wezi. Zikazuia watoto. Askari anayekwenda kukagua ulinzi wa chuo asihesabu kufuli tu. Ahesabu pia njia za kutokea.

Tumekwisha kuwataja maadui na moto. Yabaki lile la tatu tulilolitaja mwanzoni, yaani sare yetu wenyewe. Halipendezi kusemwa, lakini askari mkomavu hapotezi heshima kwa kulisikia.

Mapema mwaka 1976, katika utawala wa Idi Amin, mwanafunzi wa Makerere kutoka Kenya, Esther Chesire, alitoweka katika uwanja wa ndege wa Entebbe. Alikuwa mkazi wa Africa Hall. Tume iliundwa kuchunguza. Mlezi wa bweni lile, Theresa Nanziri Bukenya, mwalimu wa hesabu na mama mjamzito, alitarajiwa kutoa ushahidi. Mwezi wa Juni mwaka huo huo aliuawa. Kwa hiyo bweni lilimpoteza mwanafunzi, kisha likampoteza mlezi aliyetakiwa kusema alichokijua juu yake.

Utawala ule ulipoanguka mwaka 1979, kisasi kilipelekwa Nile Magharibi, juu ya vichwa vya watu ambao wengi wao hawakuwa na hatia yoyote. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Wengine waliobaki walikusanyika katika misheni na shule ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, wakiamini kwamba kuta za shule na za kanisa zitaheshimiwa. Tarehe 24 Juni 1981, askari wa jeshi la serikali la wakati huo, UNLA, waliingia humo na kuwaua raia. Leo St Joseph's College Ombaci ni shule ya vijana, na mnara wa kumbukumbu umesimama pale. Mzazi wa Arua au Koboko anapoambiwa, "Mlete mtoto wako, alale ndani ya ukuta wetu, yuko salama," huyasikia maneno hayo kwa masikio yaliyosikia ya Ombaci. Anastahili kujibiwa kwa vitendo.

Na tarehe 10 Desemba 1990, huko Makerere, wanafunzi waligoma kwa sababu ya kufutwa kwa posho zao. Polisi walifyatua risasi, na wanafunzi wawili wakafa. Mgogoro ulikuwa wa posho; ulimalizwa kwa majeneza. Tangu hapo kila ofisa anayepelekwa kutuliza ghasia chuoni ana wajibu wa kuikumbuka tarehe ile kabla hajatoa amri.

Kutokana na hayo yote, tunaweza sasa kulijibu swali letu. Chuo chaweza kuwa na haki ya kuwataka wanafunzi wachanga walale chuoni katika mwaka wa kwanza, lakini haki hiyo haijisimamii yenyewe. Inasimama juu ya deni. Anayeamuru, "Lala hapa," amejifunga kusema, "Nitalinda hapa." Akishindwa la pili, hana uso wa kudai la kwanza. Katika lugha yetu kitu cha mwenzio ulichokabidhiwa huitwa amana, na mwenye amana haulizwi ilikuwa na thamani gani. Huulizwa iko wapi.

Kwa hiyo kabla amri ya namna hiyo haijatolewa katika chuo chochote, yafaa mambo haya yawe yametimizwa. Vitanda vihesabiwe kwanza, na idadi ya wanaoamriwa isizidi idadi ya vitanda. Bei iwekwe ambayo mtoto wa mkulima ataimudu, au apewe msaada wa kuilipa. Misamaha iandikwe waziwazi, ili isitolewe kwa upendeleo. Kila bweni liwe na mlezi anayewajua wakazi wake kwa majina, na kwa mabweni ya wasichana awe mwanamke mwenye mamlaka kamili. Milango ya dharura ifunguke kwa ndani. Na baada ya mwaka wa kwanza kijana aachiwe achague mwenyewe, kwa kuwa shabaha ya malezi ni mtu anayeweza kujitegemea.

Upande wenu, ndugu askari, wajibu wenu ni wa kazi za kila siku. Kamanda wa polisi wa wilaya na ajue mabweni yaliyo katika eneo lake: yako mangapi, yanalaza wangapi, lango liko wapi, barabara ya kuyafikia wakati wa mvua ni ipi. Doria ya mpakani na iyahesabu mabweni kuwa ni vituo vya kulindwa, kama inavyohesabu daraja na ghala. Simu ya mlezi wa bweni ikilia saa nane za usiku, ipokewe, wala asiambiwe angojee asubuhi. Na askari yeyote anayeingia eneo la chuo kwa kazi na aingie akijulikana, kwa jina na kwa kikosi, apitie kwa uongozi wa chuo, na asiguse mlango wa chumba cha msichana bila askari mwanamke na bila mlezi kuwapo. Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji nidhamu, na nidhamu ndiyo kazi mliyoisomea.

Wahenga wetu walisema kuwa mkono mmoja haulei mwana. Mzazi wa Dranya ametoa mkono wake: amefuma tumbaku kwa tumbaku, ameuza ng'ombe, amemsindikiza kijana hadi kituo cha mabasi Koboko. Chuo kitoe mkono wa pili, kwa kitanda safi na mlezi mwaminifu. Mkono wa tatu ni wenu, mlioshika silaha za taifa. Usiku huu, katika mabweni ya Muni, ya Makerere na ya vyuo vingine vyote nchini, wamelala vijana ambao hawalijui jina la askari aliye zamu. Hawana haja ya kulijua. Haja yao ni kwamba awepo, awe macho, na awe upande wao.